Herufi Yenye Wimbi Kichwani

Barua ya Helve ilifika Jumanne, mistari miwili tu:
"Programu yako imenizimikia.
Korongo hawanisubiri."
Yeye yuko Põgari, kando ya ghuba yenye matete,
mwaka wa thelathini anahesabu korongo wakipita,
kwa darubini, penseli, na kompyuta ya Windows
aliyoachiwa na mwanawe alipohamia Tampere.

Mimi niko Tartu, ghorofa ya nne, radieta inagugumia.
Natumia Linux tangu chuoni,
na kwa miaka sita, kila aliyelalamika nilimjibu
bila haya: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Kwangu.
Neno hilo lina kuta nne na mlango wa komeo.

Usiku huo nikaandika faili la maelekezo:
leta msimbo, sakinisha, jenga, jaribu,
kwenye Linux, kwenye Mac, kwenye Windows,
kila mara mtu yeyote atakapogusa hata nukta.
Nafasi mbili mwanzo wa mstari, si tatu.
Niliweka tatu. Likanigomea.

Mashine si zangu, ni za kuazima,
ziko kwenye ghala nisilolijua.
Huzaliwa nikituma kazi,
hujifunza programu yangu kuanzia alifu,
hutoa hukumu, kisha hufa.
Hazikumbuki jana.
Hazina lile faili nililolisahau dawatini mwaka juzi,
ambalo bila mimi kujua lilikuwa likinibeba mgongoni.
Shahidi asiye na undugu nami:
nikaketi kumsikiliza.

Linux: kijani.
Mac: nyekundu.
Windows: nyekundu, na kurasa nne za malalamiko.

Nikazisoma kama mtu anayechambua mchele,
mpaka kidole kikagusa chuya:
Põgari.
Herufi ya pili, o yenye wimbi kichwani,
ambayo watoto wetu huitamka kabla ya kuota meno.
Windows iliisoma herufi mbili, Ãµ,
kama mtu aliyeumwa na nyuki ulimini.
Mac, kwenye jina la faili, ilimtenga o na wimbi lake,
kila mmoja na chumba chake:
ukiwatazama ni kitu kimoja, ukiwahesabu ni wawili.
Na Linux ilinyamaza, si kwa sababu nilikuwa sahihi,
bali kwa sababu ilikwisha kuzoea kosa langu.

Saa saba usiku nikatuma: "rekebisha herufi".
Saa saba na nusu: "rekebisha herufi tena".
Saa nane: "safari hii kweli".
Saa nane na robo: "jamani".

Beñat wa Bermeo, ambaye sura yake siijui,
alikuwa macho, mtoto wake ana homa.
Akaandika:
"Hata mimi nina wimbi jinani.
Unapofungua faili, taja usimbaji waziwazi,
usiiachie mashine ibahatishe.
Na majina, yaunganishe kwanza ndipo uyalinganishe."
Mistari miwili. Basi.
Kisha akarudi kumpima mwanawe joto.

Nikaiandika. Nikaenda kuchemsha maji.
Niliporudi, vile viduara vitatu vilikuwa vikizunguka.
Kijani.
Kijani.
Windows bado, taratibu,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Chai ikapoa.
Kijani.

Sikumpigia mtu simu. Ningemwambia nini?
Kwamba nimelia kidogo mbele ya viduara?

Jumapili Helve akaleta hesabu:
"Korongo 1,412. Upepo wa kaskazini. Imekubali."
Hakuuliza imekuwaje, nami sikumweleza.
Niliisoma tu ile Põgari juu ya karatasi yake,
wimbi limetulia mahali pake.

Jumatatu asubuhi, Mac ilikuwa nyekundu tena.
Nikaketi kabla sijavua koti.